Leja ya Kuchemshia Sabuni

Kama uliwahi kupita Chang'ombe miaka ile viwanda vya umma vinauzwa kimoja kimoja, utakumbuka harufu ya mafuta ya nazi na magadi iliyokuwa inakupokea kabla hujaliona geti la kiwanda cha sabuni. Yustina aliishi na harufu hiyo miaka kumi na mitatu. Ilimganda kwenye khanga na kwenye nywele, na mwanawe Theonest alipokuwa mdogo alikuwa akiwaambia watu kwamba mama yake ananukia kufua. Yustina alikuwa karani wa stoo, mzaliwa wa Kamachumu huko Bukoba, mpangaji wa vyumba viwili Tandika, na mtu asiyekubali jambo mpaka aliulize mara mbili. Wenzake walimwita Mama Theo wakiwa na shida naye, na nshomile, yaani msomi, wakiwa wanamtania, maana hakuna Mhaya aliyenusurika na jina hilo Dar es Salaam, awe amesoma au hajasoma.

Yeye alikuwa amesoma, lakini si kwa kiasi cha kutisha watu. Kiwanda kilipoletewa kompyuta mbili, wahasibu walichukua moja, ya pili ikakaa ndani ya boksi lake miezi mitano kwa sababu kila mtu alikuwa anaogopa kuwa wa kwanza kuiharibu. Yustina akaiomba. Jioni akawa anapitia Kariakoo kujifunza dBase, programu ya kutunza orodha ambayo wakati ule ilikuwa inafundishwa kila kona yenye feni na meza tatu. Wengine walijifunza ili wapate cheti cha kuning'iniza ukutani. Yustina alijifunza ili asihesabu tena magunia kwa kidole. Mwaka ulipokwisha, stoo nzima ilikuwa imo ndani ya kompyuta, na bidhaa ikikaribia kuisha mstari wake ulikuwa unawaka na kuzimika, pembeni limeandikwa neno AGIZA.

Sasa kuhusu chungu. Lilikuwa tangi refu kuliko nyumba, la kuchemshia sabuni, na jina la chungu lilitoka kwa wafanyakazi wenyewe. Mafuta na magadi vinaingia juu, mvuke unapita kwenye mabomba ya chini, na mchanganyiko unachemka asubuhi nzima. Ukizidisha mvuke, sabuni inafura kama maziwa jikoni, inapanda na kumwagika, na sabuni ya moto haina huruma na ngozi ya mtu. Zamani mvuke ulichungwa na paneli, kabati la chuma lenye mishale na taa lililokuja na kiwanda kutoka Ulaya. Mwaka wa mgao mkali, siku moja umeme ulirudi kwa pupa, paneli ikatoa moshi, na habari yake ikaishia hapo. Tangu siku hiyo chungu kiliongozwa na Mfaume, mpishi mkuu wa sabuni. Alikuwa anasimama kwenye daraja la chuma juu ya tangi, anatazama povu, anachovya kijiti na kuonja kwa ncha ya ulimi, anatema, kisha anazungusha gurudumu la vali kwa mkono. Alikuwa bingwa kwelikweli. Lakini hata bingwa hupiga chafya, na kovu la mkono wake wa kulia lilitokana na chafya moja tu.

Mwaka tisini na tano akaja Bwana Abdulrahman, wakala wa mwekezaji aliyetaka kukinunua kiwanda. Alikuwa mtu wa Pwani, mpole, anasalimia kila mtu kuanzia mlinzi. Alizunguka siku mbili na daftari lake, kisha akawaita wafanyakazi akawaeleza. Paneli mpya kutoka nje bei yake haishikiki. Kuendelea kupika sabuni kwa macho na ulimi ni kutafuta msiba. Kwa hiyo ukumbi wa kupikia utafungwa, sabuni italetwa kutoka nje ikiwa imeshapikwa, na hapa itakatwa na kufungwa kwenye makaratasi tu. Ukumbi ulikuwa na watu ishirini na wawili, pamoja na Yustina mwenyewe na stoo yake ya mafuta na magadi. Yote hayo aliyasema kwa adabu, na ndiyo maana yaliuma zaidi, kwa sababu hukupata hata pa kumchukia.

Yustina alirudi mezani kwake, akakaa. Kwenye skrini mstari wa magadi ulikuwa unawaka: magunia tisa, AGIZA. Aliutazama muda mrefu. Halafu akatoka kwenda kumtafuta Mwishehe.

Mwishehe alikuwa fundi umeme wa kiwanda, Mzaramo wa Mbagala, mtu wa maneno mengi na mikono mitulivu. Alimkuta amekaa juu ya ndoo, anatengeneza pasi ya mtu.

"Mwishehe, ile paneli ilikuwa inafanya nini hasa?"

"Inaongoza mitambo, Mama Theo. Nyie Wahaya mnatakaga kujua kila kitu, hata cha marehemu."

"Nimekuuliza inafanya nini. Kabila langu nalijua."

Mwishehe aliweka pasi chini. "Inapima joto. Likizidi, inafunga mvuke. Likishuka, inafungua. Inapima na ujazo wa tangi, likijaa inazima pampu. Basi. Mengine yalikuwa mataa tu ya kufurahisha wageni."

"Hiyo ni leja."

"Leja ya nini tena?"

"Sikiliza. Magadi yakishuka chini ya magunia kumi, kompyuta yangu inaandika AGIZA. Kwani joto likipanda juu ya tisini na tano, itashindwa kuandika FUNGA?"

"Kuandika haitashindwa," alisema Mwishehe. "Ila vali haijui kusoma."

Lakini hakurudi kwenye pasi. Siku ya tatu alikuja stoo mwenyewe, ameshika waya wa printa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeokota kitu barabarani na bado hajaamini kwamba hakina mwenyewe. Waya ule, alisema, una nyuzi nane za kupelekea herufi. Kompyuta ikitaka kuchapa herufi fulani, nyuzi hizi zinapata umeme na zile hazipati. Ukiondoa printa, ukaweka rilei za paneli ya zamani, zile swichi zinazojiwasha kwa umeme, mahali pake, basi kila herufi ni vali moja inafunguka au inafungwa. "Kompyuta itadhani inachapa barua," alisema, "kumbe inapika sabuni."

Yustina alicheka mpaka akashika meza. Hakuwa amecheka tangu siku ya mkutano.

Walijenga kwa wiki sita, katika saa ambazo mgao uliwaachia. Mwishehe alitengeneza kisanduku cha kupokea vipimo ndani ya bati la biskuti, kwa vipuri vya mafundi redio wa Kariakoo. Waya wa kisanduku hicho ulikuwa mfupi, ikabidi kikae juu ya kompyuta yenyewe. Yustina aliandika programu. Kila baada ya sekunde tano kipimo kipya kinaingia kwenye leja, leja inalinganisha na kiwango, kisha inatuma herufi kwenye waya wa printa. Kwenye skrini alichora chungu kwa vistari na nyota, pembeni joto, ujazo, na hali ya kila vali, kwa Kiswahili kitupu ili Mfaume asihitaji mkalimani. Mfaume alikuja kuitazama siku ya kwanza, akavaa miwani, akasoma neno kwa neno, kisha akauliza kama ina ulimi. Aliambiwa haina. Akasema basi atakuwa anaonja yeye, ili kazi isilale.

Kitu kimoja kidogo kilitokea katika wiki hizo, na hakuna aliyekitilia maanani. Waya wa kupimia joto, ule uliotoka kwenye chungu mpaka kwenye kisanduku, una tabia yake. Hausemi joto la sabuni moja kwa moja. Unachosema ni kwamba sabuni imekizidi kisanduku kwa nyuzi kadhaa za joto, basi. Kwa hiyo lazima uchukue joto la kisanduku chenyewe, ujumlishe.

"Kisanduku kina joto gani?" Yustina aliuliza, mikono kwenye kibodi.

"Joto la chumba."

"Na chumba kina joto gani?"

Mwishehe alimtazama kwa huruma. "Dar hii, dada? Thelathini."

Yustina akaandika thelathini, wakaendelea. Angekuwa bado mtu wa Kamachumu, kwenye ukungu wa asubuhi na sweta la mchana, angeuliza mara ya pili kama ilivyokuwa desturi yake. Miaka kumi na mitatu ya Tandika ilikuwa imeshamtoa kwenye swali hilo.

Majaribio yalikwenda vizuri mno. Chungu kilichemka, joto likafika tisini na tano, FUNGA ikawaka, rilei ikalia tak, mvuke ukakatika, povu likatulia. Mara tatu mfululizo hivyo hivyo. Wakamwita Bwana Abdulrahman aje aone, naye akasema maneno ambayo kila mtu ukumbini aliyabeba nyumbani. "Mkinionesha chungu kinachochemka bila kumwagika na bila mtu kushika gurudumu, nitaandika kwenye ripoti kwamba ukumbi ubaki."

Siku ya Jumatano akaja, na watu wawili wa ofisi kuu. Bi Mwajabu, mama wa usafi na chai, alikuwa ameamka na ndege. Alikuwa mtu wa Temeke hasa, wa kuzaliwa, mama wa makamo aliyeamini kwamba mgeni akikuta vumbi amekutukana wewe, hata kama vumbi si lako. Chumba cha kompyuta alikipiga deki mara mbili. Vikombe alivitoa kabatini. Kila kitu kilichokuwa na hadhi alikivisha kitambaa chake cha kufuma kwa mkono, cheupe, chenye maua pembeni, kama unavyovisha redio na makochi nyumbani kwa mtu anayejiheshimu. Simu ilipata chake. Kompyuta ilipata kikubwa, kikafunika na bati la biskuti lililokuwa juu yake. Pakapendeza.

Na siku hiyo chungu kikamwagika.

Kwenye skrini joto lilifika themanini na nne likagoma hapo. Leja ikaona sabuni bado haijaiva, vali ya mvuke ikabaki wazi, na Yustina alikuwa anamweleza Bwana Abdulrahman jinsi rilei inavyofanya kazi wakati sauti ya Mfaume ilipotoka darajani kwamba inafura. Povu lilipita mdomo wa tangi, likateremka ubavuni, likatambaa sakafuni mpaka kwenye viatu vya wageni. Mfaume alifunga gurudumu kwa mkono. Hakuna aliyeungua, na baadaye alimshukuru Mungu kwa hilo. Bwana Abdulrahman alitazama viatu vyake, kisha akamtazama Yustina.

"Ripoti yangu inakwenda Ijumaa ya wiki ijayo," alisema. "Nitarudi Alhamisi. Mara moja tu, dada yangu."

Kesho yake wakajaribu tena. Kikachemka vizuri, kikafunga vizuri. Ijumaa vizuri. Jumatatu vizuri. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Watu wa ukumbini walisema mtambo una kijicho, ukiwa na wenyewe unafanya kazi, akija mgeni unasusa. Mwingine akasema wa ofisi kuu mmoja ana jicho baya, na hata alivyokaa alikaa vibaya. Bi Mwajabu, ambaye hakupenda kuona watu wanahangaika, alileta chetezo akafukiza ubani chumba kizima. Kitambaa alikuwa ameshakiondoa Jumatano ile ile akakipeleka nyumbani kukifua, kwa sababu kitambaa kizuri ni cha wageni.

Yustina na Mwishehe waligombana Jumanne, ugomvi wa watu wanaoogopa. Mwishehe alisema kosa liko kwenye programu. Yustina alisema programu haijui kutofautisha Jumatano na Alhamisi, kosa liko kwenye nyaya. Mwishehe akasema nyaya zake hazijasoma lakini haziongopi. Yustina akamwambia arudi kwenye pasi zake. Halafu kila mmoja akaona aibu, na Mwishehe akaenda kuleta chai vikombe viwili. Siku hiyo Yustina alisoma programu yake mstari kwa mstari tangu mwanzo, kidole kwenye karatasi. Kwenye mstari wenye ile thelathini kidole hakikusimama hata kidogo. Aliporudi Tandika alikaa kibarazani, akawa anawahesabu moyoni wale ishirini na wawili, na alikuwa na hofu ya kweli. Si kwamba alikuwa ameiba. Alikuwa amewapa watu tumaini, na aliona hilo ni baya zaidi kama litavunjika.

Alhamisi ikafika. Bi Mwajabu alikuwa ameamka na ndege. Sakafu ilikuwa inang'aa, vikombe vimetolewa, na kitambaa kikubwa cheupe, kimefuliwa na kutiwa wanga mpaka kimesimama, kilikuwa mahali pake juu ya kompyuta na bati la biskuti.

Mvuke ukafunguliwa. Bwana Abdulrahman safari hii alisimama mbali kidogo na mlango, na viatu vyake vilikuwa vya zamani. Yustina hakueleza kitu. Alikaa mbele ya skrini akatazama namba zinavyopanda: sitini, sabini, sabini na nane, themanini na tatu. Themanini na nne. Themanini na nne. Themanini na nne.

"Mama Theo," Mfaume aliita kutoka juu. "Povu linaanza kupanda."

"Usiguse gurudumu. Usifunge," alisema Yustina, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine. Ikifungwa kwa mkono, mambo yamekwisha. Kila mtu pale alilijua hilo.

Halafu akafanya kitu ambacho hakikuwa na elimu yoyote ndani yake. Alifanya kile ambacho sote tunafanya redio ikikoroma: alinyanyua mkono akaipiga. Mkono ukatua juu ya kitambaa, juu ya bati la biskuti, na ukakaa hapo. Bati lilikuwa la moto. Lilikuwa na joto la hotipoti ya chapati iliyofungwa na kufunikwa ili wageni wazikute laini.

Ndipo alipokumbuka sauti yake mwenyewe ikiuliza chumba kina joto gani.

Aliondoa kitambaa. Akafungua mfuniko wa bati, akachukua faili la stoo akaanza kupepea, mtu mzima na akili zake, mbele ya wageni wa ofisi kuu, anapepea bati la biskuti kama anayewasha mkaa. Mwishehe alifungua mdomo kuuliza, akaangalia bati, akaangalia kompyuta inayolichemsha kutoka chini, akaangalia kitambaa kilichozuia joto lisitoke. Mdomo ukabaki wazi. Yustina alipepea. Themanini na nne. Themanini na sita. Tisini. Ilikuwa dakika moja na ilichukua muda wake wote. Tisini na tatu. Tisini na sita.

FUNGA ikawaka. Rilei ikalia tak. Kule chini mvuke ukakatika wenyewe, na juu darajani Mfaume alionekana ameinua mikono yote miwili hewani, mbali na gurudumu, ili wageni waione. Povu lilikuwa limefika ukingoni kabisa. Likasimama, likafikiri, likarudi.

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja ukumbini alisema alhamdulillahi kwa sauti ndogo, na wote wakaanza kupumua. Yustina akakaa, na ule mzigo wa wiki nzima ukamtoka kwa namna ambayo ilimpa usingizi. Alijisikia angeweza kulala pale pale, juu ya kibodi.

Bwana Abdulrahman alisogea. "Ilikuwa nini?"

Mwishehe, ambaye mdomo wake haukuwahi kujua likizo, alianza, "Kumbe bwana, kikulacho ki nguoni..."

Yustina akamkanyaga mguu.

Mlangoni alikuwa amesimama Bi Mwajabu na sinia la chai. Alikuwa anatazama kitambaa chake mkononi mwa Yustina, kisha bati, kisha skrini, na alikuwa ameshaelewa. Mtu aliyefunika chapati miaka arobaini haelezwi kazi ya kitambaa. Ofisi kuu walikuwa wameleta na orodha ya watu wa kupunguzwa, kila mtu alijua, na wafagiaji ndio hukatwa kwanza popote duniani.

Yustina alikunja kitambaa taratibu, mara mbili, akakiweka kwenye droo.

"Kosa ni langu, bwana," alisema. "Kipimo kinahitaji joto la kisanduku. Mie niliandika thelathini nikaacha hivyo, kana kwamba haliwezi kubadilika. Kisanduku kimepata joto, tofauti yake na sabuni ikapungua, namba zikadanganya. Nitaweka kipimo cha pili cha kukipima kisanduku chenyewe. Jumatatu itakuwa tayari."

Na haukuwa uongo. Ndilo lililompa nguvu ya kumtazama machoni.

Bwana Abdulrahman alifikiri. "Thelathini," alisema. "Hata mimi ningeandika thelathini." Akaomba chai. Bi Mwajabu akamimina bila kumwaga tone.

Jioni, watu walipokuwa wanatoka, Bi Mwajabu alimsubiri Yustina kwenye ngazi ya stoo. Hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Mama Theo, leo umenisitiri."

"Bi Mwajabu, shikamoo," alisema Yustina, kwa sababu hakujua aseme nini kingine, na salamu ya siku hiyo walikuwa hawajapeana.

"Marahaba mwanangu. Nilikuwa nataka papendeze tu."

"Palipendeza."

Jumatatu Mwishehe aliweka kipimo kidogo ndani ya bati la biskuti, na Yustina akaongeza safu moja kwenye leja, safu ya joto la kisanduku. Programu ile ilitaka kila safu iwe na jina, lisizidi herufi kumi. Alikaa akafikiri kama vile anatoa jina la mtoto. Kisha akaandika MWAJABU.

Bi Mwajabu alipoletwa kuona, alisimama mbali, akiogopa kugusa. Kwenye skrini, chini ya joto la chungu, palikuwa na jina lake na namba pembeni. "Mie huyo?" aliuliza. Akaambiwa ndiye. "Mbona thelathini na mbili?" Akaambiwa ndilo joto la bati sasa hivi, na kwamba kuanzia leo kazi yake, juu ya chai na usafi, ni kuangalia namba hiyo kila saa. Ikipita thelathini na tano afungue dirisha, atoe chochote kilichowekwa juu, amwite Mwishehe. Bi Mwajabu akakubali bila tabasamu, kama anavyokubali mtu aliyepewa funguo. Tangu siku hiyo ukikutana naye koridoni ukamuuliza hali, alikujibu kwa nyuzi. Leo niko thelathini na moja, alhamdulillahi. Leo niko thelathini na nne, kuna joto, mvua inakuja.

Ripoti ya Bwana Abdulrahman ilisema ukumbi ubaki. Mwezi uliofuata alikuja na orodha ya mwisho, wakakaa na Yustina stoo, kwa sababu majina yote ya wafanyakazi nayo yalikuwa yamo kwenye kompyuta yake. Kalamu nyekundu mkononi, alishuka jina kwa jina. Ukumbi wa kupikia aliupita. Akafika kwa wafagiaji, akakata wawili. Yustina hakuweza kuwaokoa hao, na aliwakumbuka mpaka alipostaafu, alipokuwa ameshajenga Goba na kompyuta ile imeshakwenda kwa wanunuzi wa chuma. Kalamu ikashuka kwa jina la tatu, ikasimama.

"Huyu Mwajabu," alisema Bwana Abdulrahman, "ndiye yule wa kwenye skrini?"

"Ndiye."

"Anafanya nini hasa?"

Chumba cha pili Mfaume alikuwa anaonja sabuni, unamsikia anatema. Yustina aliinua macho.

"Anachunga kisanduku kisipate joto, bwana. Akiondoka huyo, chungu kinamwagika."

Bwana Abdulrahman alimtazama kwa muda, kama mtu anayekumbuka viatu vyake. Halafu akaisogeza kalamu kwenye jina linalofuata.

Yustina alishusha pumzi. Akavuta droo kutafuta raba, akakuta kitambaa bado kimekunjwa mle ndani, cheupe, chenye maua pembeni. Mchana ule alikitandika juu ya simu, mahali pasipo na madhara, na Bi Mwajabu alipoingia na chai alikiona, akakinyoosha pembe moja iliyokuwa imejikunja, akatoka kwenda kuangalia namba yake.